Programu ya uhasibu kwa biashara ndogo: ya wingu au ya kwenye seva yetu? Tulinganishe

Mwenye_Stoo

Habari zenu wakuu. Tuna biashara ndogo ya vipuri, watu saba, matawi mawili, na mhasibu wa nje anayekuja mara moja kwa mwezi. Mpaka leo hesabu zetu zinakaa kwenye jedwali la Excel. Lilitufaa tulipokuwa wawili. Sasa lina kurasa zaidi ya 30, na mwezi uliopita tuligundua kuna fomula ilikuwa inaruka safu tatu za mauzo, na hatujui ilianza lini. Nimechoka kuamini jumla ambayo siwezi kuifuatilia.

Mwenzangu anataka programu ya wingu: unalipa ada ya mwezi, unaingia kwa kivinjari, kazi inaanza. Mimi nasita, naona kama napeleka madaftari yangu yote nyumbani kwa mtu nisiyemjua. Kijana anayetushughulikia kompyuta anasema tununue mashine ndogo iwe seva yetu, tuweke programu huria (ambayo leseni yake ni bure na msimbo wake uko wazi), na hakutakuwa na ada yoyote.

Maswali yangu ni haya. Nikiacha kulipa, hesabu zangu zinakwenda wapi? Intaneti ikikatika mchana wateja wamejaa, nafanyaje? Na tukiweka seva ya kwetu, nani ataamka usiku ikizima?

---

Mhasibu_wa_Nje

Ndugu Mwenye_Stoo, mimi niko upande wa mwenzako, na sababu zangu zinatoka mezani kwangu.

Nashika hesabu za wateja kadhaa. Walio kwenye wingu naingia siku yoyote, naona ankara ya jana imewekwa kwenye akaunti isiyo yake, namwandikia karani, anakumbuka, anarekebisha. Walio na programu ya kwenye kompyuta moja wananitumia faili mwisho wa mwezi. Nikilifanyia kazi siku tatu, wao huku wanaendelea kuandika kwenye faili lao. Tunaishia na mafaili mawili, kila moja lina nusu ya ukweli, na kuyaoanisha kunakula muda kuliko kufunga mwezi wenyewe. Na kosa la tarehe 4 nikiliona tarehe 30, hakuna anayekumbuka ile pesa ilikuwa ya nini.

Kuna na kodi. Viwango vikibadilika, au mamlaka ya kodi ikitaka ankara ziende kwake kielektroniki, mtoa huduma mzuri wa wingu anaibadilisha programu na wewe hujui hata ilifanyika lini. Kwenye seva yako, kazi hiyo ina jina la mtu, na mtu huyo anaweza kuwa safarini.

Watu pia husifu wingu kwa sababu ya benki, kwamba miamala inaingia yenyewe. Hapo nenda taratibu. Inategemea kama benki yako imeruhusu kuunganishwa. Kama haijaruhusu, utapakua taarifa ya akaunti kwa CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) au OFX (muundo wa faili za miamala ya benki) na kuiingiza mwenyewe, na hilo programu ya kwenye seva yako inaliweza vilevile. Iulize benki kwanza kabla hujaihesabu kuwa faida.

---

Fundi_Seva

Hoja za mhasibu nazikubali, ila amelinganisha wingu na faili la kwenye kompyuta moja. Seva ni kitu cha tatu, na vikichanganywa mtu anachagua vibaya.

Mfano GnuCash. Ni programu huria, toleo lake la kwanza thabiti ni la 1998, na kwa kujifunza debiti na krediti sijaona ya bure iliyo nyoofu kama hiyo. Lakini daftari lake ni la mtu mmoja kwa wakati. Wa pili akilifungua anaonywa kwamba limeshikwa. Kwa matawi mawili haikufai. Manager ina toleo la bure la kompyuta moja, ila ukitaka watu wengi waingie kwa pamoja unahamia toleo la kulipia. ERPNext ni huria kwa leseni ya GPL, inakaa kwenye seva, ina ankara, stoo na leja (daftari kuu la hesabu), na kila mtu anaingia kwa kivinjari akiwa popote. Hiyo inaondoa kabisa lile tatizo la mafaili mawili. Odoo nayo ina toleo la jamii ambalo ni bure, lakini wengi wanagundua wakiwa wameshaingia kwamba toleo hilo linawapa ankara, na uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia.

Sasa hilo neno "hakuna ada". Mwombe kijana wako alifafanue. Leseni inaweza kuwa bure, saa zake si bure. Kuna kusasisha mfumo endeshi, kusasisha programu yenyewe, kuangalia cheti cha HTTPS (kinacholinda mawasiliano ya kivinjari na seva) hakijaisha muda, kuangalia diski haijajaa, kuchukua kila usiku bakapu (nakala ya akiba) ya hifadhidata, yaani pale hesabu zote zinapokaa, na kurudisha bakapu hiyo kwenye mashine nyingine ili kuona kama inafunguka. Mimi hii ndiyo kazi yangu na naipenda, na bado nawaambia wateja: kama hakuna mtu aliyeandikwa jina na siku ya kuifanya, msiweke seva.

---

DadaLeja

Kuhusu intaneti, mbona hakuna aliyemwambia kwamba ana matawi mawili?

Mwenye_Stoo, ukiweka seva tawi la kwanza, la kwanza litafanya kazi hata intaneti ikikatika. La pili halitafanya. Linahitaji intaneti yake, na intaneti ya tawi la kwanza, na umeme wa tawi la kwanza. Ukiwa kwenye wingu, kila tawi linahitaji intaneti yake tu. Kwa duka moja lisilo na tawi hesabu inageuka, seva ya ndani inashinda hapo bila mjadala.

Na kwa vyovyote vile, kaunta isitegemee programu ya uhasibu kuuza. Weka programu ya mauzo inayoweza kuendelea bila mtandao na kupeleka miamala ukirudi, au kitabu cha risiti chenye namba mfululizo. Uhasibu unaweza kusubiri saa mbili. Mteja aliyesimama mbele yako hawezi.

---

Mwenye_Stoo

Dada, hilo la tawi la pili sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Ahsante sana.

Fundi, na lile swali la kuacha kulipa? Au wao wenyewe wakifunga?

---

Fundi_Seva

Ukiacha kulipa, soma mkataba wao. Wengine wanakuachia kusoma bila kuandika kwa muda, wengine wanafunga mlango na baada ya muda uliotajwa wanafuta. Tafuta sentensi inayosema siku ngapi. Kama haipo, waandikie wakujibu kwa barua pepe na uihifadhi.

Wao wakifunga, mifano ipo. Kampuni ya Intuit iliamua kuiondoa QuickBooks, programu yake ya uhasibu, kwenye soko la India: huduma ilikoma mwisho wa Januari 2023, na wateja wakapewa hadi mwisho wa Aprili kutoa data zao. Hao angalau walitoa taarifa na muda. Mwingine ni Bench, kampuni ya kushika hesabu za biashara ndogo kwa mtandao. Ilitangaza kufunga tarehe 27 Desemba 2024, siku nne kabla ya mwaka kuisha, wakati ambao mwenye biashara anajiandaa kufunga hesabu. Siku chache baadaye kampuni nyingine iliinunua, lakini fikiria zile siku katikati. Mteja alikuwa hajakosea lolote.

Hii haina maana wingu ni baya. Ila siku ya kwanza unayoingia, ujue utakavyotoka.

---

Kaunta_ya_Pili

Naomba nisimulie yaliyotupata, maana nasoma hapa naona watu wanaongelea seva kama vile hatari yake kubwa ni kuzima.

Sisi tulikuwa na mashine yetu ofisini, programu nzuri, bakapu kila usiku saa sita kwenye diski ya nje. Diski ilikuwa imechomekwa kwenye mashine hiyohiyo muda wote, haichomolewi, ili "isisahaulike". Asubuhi moja karani alifungua kiambatisho kilichofanana na ankara ya msambazaji wetu. Kufika mchana mafaili yote yalikuwa yamefungwa kwa usimbaji na ujumbe wa kudai malipo umekaa kwenye kioo. Na ile diski ya bakapu, kwa kuwa ilikuwa imechomekwa, ilifungwa pamoja nayo.

Hatukulipa. Tulikuwa na nakala moja tu nyingine, ya miezi mitano nyuma, ambayo mhasibu wetu alikuwa ameichukua kwa sababu zake mwenyewe. Miezi hiyo mitano tuliiandika upya. Tulikaa na maboksi ya risiti, taarifa za benki, na kuwapigia wateja kuwauliza wanatudai au tunawadai kiasi gani. Waliotudai walikumbuka vizuri. Tuliowadai, si wote walikumbuka. Kuna wadaiwa tuliwasamehe kwa kukosa karatasi ya kuwaonyesha.

Kilichoniuma ni kwamba bakapu tulikuwa nayo. Kila mtu aliyetuuliza tulimjibu kwa kujiamini. Hakuna aliyewahi kutuuliza kama huwa tunaichomoa.

---

Mhasibu_wa_Nje

Pole sana ndugu. Kurudia miezi mitano kwa risiti naijua kazi yake.

---

Fundi_Seva

Pole mkuu. Kanuni ya mafundi ni 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vyombo, moja ikae nje ya jengo. Mimi naongeza kwamba moja lazima iwe haiguswi na mashine inayotumika kila siku, iwe diski iliyochomolewa au hifadhi ambayo seva inaweza kuandika lakini haiwezi kufuta.

Na hifadhidata usiibakapu kwa kunakili mafaili yake wakati inafanya kazi. Utapata nakala inayoonekana nzima na kumbe imekatika katikati ya muamala. Tumia chombo chake cha bakapu: kama hifadhidata yako ni PostgreSQL ni pg_dump, kama ni MariaDB ni mariadb-dump (zamani ikiitwa mysqldump).

Ili nisionekane nautetea ufundi wangu, niwape mfano unaouma upande wetu wa kuendesha programu wenyewe. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilienea duniani, na kilianzia kwenye masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu na kodi iliyotumiwa na biashara nyingi sana Ukraine. Waliosasisha walikuwa wanafanya tulichowafundisha. Maersk, kampuni kubwa ya meli, ilipooza kwa siku kadhaa. Kwa hiyo hata ile programu iliyoko ofisini kwako bado inaletewa kitu na mtu wa nje.

Na wingu nalo huungua, kwa moto wenyewe. Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, kule Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea jengo zima. Kuna wateja ambao bakapu zao zilikuwa kwenye eneo lilelile na hawakuzipata tena. Kabla ya hapo, Mei 2019, mifumo ya wingu ya kampuni ya Wolters Kluwer ambayo wahasibu wengi wa Marekani huitumia kwa kodi ilizimwa siku kadhaa kwa ajili ya programu hasidi.

---

DadaLeja

Kwenye zile asilimia za muda ambao huduma inapatikana, wanazotangaza watoa huduma wa wingu: 99.9 inasikika kama ukamilifu, ila ni takriban saa 8 na dakika 45 za kuzima kwa mwaka. Swali langu kwa mtoa huduma huwa ni kama saa hizo zinaweza kuangukia siku ya mwisho ya kuwasilisha kodi.

---

Mkaguzi_Mstaafu

Vijana mnaongea vizuri. Niongeze yale ambayo mkaguzi atayatafuta akija, kwa sababu programu inaweza kuwa salama na hesabu zake zisiaminike.

Kwanza ni kumbukumbu ya mabadiliko. Nani aliandika, nani alibadili, lini, na kabla ya kubadili ilisomekaje. India imelifanya hili kuwa sheria: tangu tarehe 1 Aprili 2023 kampuni huko zinatakiwa kutumia programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko, na isiyoruhusu kumbukumbu hiyo kuzimwa. Hata kama nchi yako haijafika huko, ombeni kitu hicho. Kwenye ERPNext, kwa mfano, hati ikishawasilishwa huwezi kuihariri kimyakimya. Unaibatilisha rasmi na kuandika nyingine inayotajwa kuwa imetokana nayo. Hivyo ndivyo daftari lilivyokuwa zamani, kosa unalipiga mstari na bado linasomeka.

Hapa seva ya kwenu ina udhaifu ambao mafundi hawausemi sana. Mwenye nywila ya hifadhidata anaweza kubadili tarakimu chini kwa chini bila kupitia programu, na kumbukumbu isione chochote. Kwenye wingu, wewe mwenye biashara, karani wako na hata mhasibu wako hamna mkono wa kufika huko. Nilipokuwa kazini hili lilikuwa na uzito kwangu. Mkiweka seva, nywila hiyo isishikwe na mtu anayeandika miamala. Kwa watu saba inawezekana, ila inabidi muiamue waziwazi.

Pili, uwezo wa kufunga kipindi. Mwezi ukishafungwa na kodi ikawasilishwa, asitokee mtu akaingiza ankara ya tarehe ya nyuma.

Tatu, na hapa ndipo nimeona watu wazima wakitokwa jasho: vielelezo. Sheria za nchi nyingi zinataka utunze kumbukumbu kwa miaka mitano, saba, hata kumi. Ukiwa kwenye wingu umepiga picha risiti na kuziambatisha, ukatupa karatasi. Siku ya kuhama unabonyeza "hamisha data", unapata CSV ya miamala. Risiti hazimo. Au zimo zote kwenye folda moja zikiwa na majina ya tarakimu yasiyosema ni ya muamala gani. Na ripoti ya PDF haitoshi kuwa data, huwezi kuiingiza kwenye programu nyingine.

Fanya hivi wakati bado uko kwenye kipindi cha majaribio. Ingiza miamala ishirini, mitano iwe na viambatisho. Hamisha leja kuu yote. Ifungue nje ya programu hiyo. Jumlisha debiti, jumlisha krediti, zilingane. Chukua muamala mmoja wowote na utafute risiti yake ndani ya ulichopakua. Ukiipata ndani ya dakika tano, programu hiyo inafaa kufikiriwa.

---

Mwenye_Stoo

Mzee shikamoo, na ahsante. Nimelifanya jaribio lako mwishoni mwa wiki, mimi na mwenzangu, kwenye programu mbili za wingu na kwenye ERPNext ambayo kijana wetu aliisimika kwenye seva ya kukodi badala ya mashine ya ofisini. DadaLeja, hiyo ya kukodi ni kwa sababu yako.

Programu ya kwanza ya wingu, nzuri ajabu kwa macho, ilitoa CSV ya miamala bila salio la kuanzia na bila kiambatisho hata kimoja. Tuliwauliza. Wakajibu kwamba viambatisho vinapakuliwa kimoja kimoja. Tuna risiti karibu 400 kwa mwezi. Tukaiacha.

Ya pili ilitoa leja nzima, debiti na krediti zikalingana, na folda ya risiti yenye namba za miamala. Kupata risiti kulinichukua dakika mbili.

ERPNext ilitoa kila kitu, ila kurudisha bakapu kwenye mashine nyingine kulimchukua kijana wetu siku nzima na simu tatu kwa rafiki yake. Nilimuuliza ni nani angefanya hivyo yeye akiwa anaumwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa kweli hakuna." Nilimshukuru kwa kusema.

Kwa hiyo tunakwenda na ile ya pili ya wingu. Kila tarehe 3 ya mwezi, baada ya kufunga, mwenzangu anapakua leja na risiti, anaziweka kwenye diski mbili, moja inakaa kwake na moja kwangu, zote zimechomolewa. Kaunta_ya_Pili, hilo la kuchomoa ni lako. Nywila zina uthibitisho wa hatua mbili kwa wote saba.

Swali la mwisho: tuhamie lini? Na lile jedwali la Excel tulifanyeje?

---

Kaunta_ya_Pili

Nimefurahi kwamba imekusaidia. Kila baada ya miezi michache ichomeke ile diski kwenye kompyuta nyingine uifungue, usiiamini tu kwa kuwa ipo droo.

---

Mhasibu_wa_Nje

Anzeni siku ya kwanza ya mwaka wenu wa fedha. Kama iko mbali, siku ya kwanza ya kipindi cha kodi, kamwe si katikati ya mwezi. Usijaribu kuhamisha miamala yote ya zamani kutoka Excel, utahamisha na makosa yake. Ingizeni masalio ya kuanzia tu: benki, fedha taslimu, stoo baada ya kuihesabu kwa mkono, kila mdaiwa na kila mdai kwa jina lake na ankara zake ambazo hazijalipwa. Mhasibu wenu atoe urari (orodha ya masalio ya akaunti zote) wa siku hiyo kutoka kwenye jedwali na urari wa siku hiyo kutoka kwenye programu, muweke sahihi kwenye zote mbili.

Na ile fomula iliyoruka safu tatu irekebishwe kabla ya siku hiyo. Ikibaki, kosa lake litaingia kwenye masalio ya kuanzia, na programu mpya haitakuwa na njia ya kulijua.

Jedwali lenyewe lifungeni lisiandikike tena, nakala moja ikae kwenye kila mojawapo ya zile diski mbili, mpaka miaka ya sheria yenu iishe.